Jeni za Kinga ya Mwili na Ugonjwa wa Bipola: Kuwa na Hatari Si Kuwa Mgonjwa

Utangulizi

Mada hii inaunganisha sura tatu ulizokwisha kuzisoma: kinga ya mwili, mfumo wa neva na urithi. Watahiniwa wengi huziweka sura hizi katika mafungu tofauti, kisha swali linapozichanganya hukwama. Tutatumia ugonjwa mmoja, bipola, kuona jinsi zinavyokutana.

Kuna sababu nyingine ya kuisoma mada hii kwa makini. Huenda nyumbani kwenu au kwa jirani yupo mtu mwenye ugonjwa huu, na umewahi kusikia watu wakisema "mtoto wa nyoka ni nyoka", wakimaanisha kwamba watoto wake nao wataugua tu. Ukimaliza kusoma utaweza kueleza, kwa hoja na kwa namba, kwa nini kauli hiyo si sahihi.

Malengo ya mada

Baada ya kusoma mada hii uweze:
1. Kueleza bipola ni ugonjwa gani.
2. Kutumia matokeo ya mapacha kuonyesha mchango wa jeni na wa mazingira.
3. Kueleza kazi ya jeni za kinga zilizo kwenye kromosomu ya 6.
4. Kutofautisha uhusiano na usababishi.
5. Kukokotoa na kufasiri ongezeko la hatari.

1. Bipola ni nini?

Bipola ni ugonjwa wa akili unaobadilisha hali ya moyo, nguvu na usingizi wa mtu kwa vipindi. Kuna kipindi cha juu, kiitwacho mania: mgonjwa huchangamka kupita kiasi au hukasirika haraka, hulala saa chache bila kuchoka, huongea mfululizo, hujiona ana uwezo asio nao na pengine hutumia fedha ovyo. Kuna kipindi cha chini, yaani sonona: huzuni nzito, kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda, uchovu, na wakati mwingine mawazo ya kujiua. Kati ya vipindi hivyo wengi huishi na kufanya kazi kama watu wengine.

Usichanganye ugonjwa huu na mabadiliko ya kawaida ya moyo. Kufurahi asubuhi na kununa jioni si bipola. Vipindi vya bipola hudumu siku nyingi au wiki kadhaa, na huvuruga masomo, kazi na mahusiano. Mara nyingi dalili huanza mwishoni mwa ujana au mwanzoni mwa utu uzima. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 40 duniani walikuwa nao.

2. Je, bipola hurithiwa?

Jibu fupi ni hili: kinachorithiwa ni uwezekano wa kuugua. Ugonjwa wenyewe haurithiwi kama unavyorithi kundi lako la damu.

Ushahidi mzuri unatoka kwa mapacha. Mapacha wa kufanana hutokana na yai moja lililorutubishwa, kwa hiyo DNA yao inakaribia kuwa ileile. Mapacha wasiofanana hutokana na mayai mawili, na hushiriki takriban nusu ya tofauti za kijeni, sawa na ndugu wa kawaida. Tafiti zimeonyesha kwamba pacha mmoja wa kufanana akiwa na bipola, uwezekano wa mwenzake kuwa nayo ni kama 40 kwa 100. Kwa mapacha wasiofanana uwezekano huo hushuka hadi kati ya 5 na 10 kwa 100. Katika jamii kwa jumla ni kama 1 kwa 100.

Soma namba hizo mara mbili, maana zinafundisha mambo mawili kwa pamoja:

(a) Jeni zina mchango mkubwa. Kama zisingekuwa na mchango, mapacha wa kufanana wasingezidi wasiofanana kwa kiasi hicho.

(b) Jeni peke yake hazitoshi. Kama zingetosha, mapacha wa kufanana wangeugua wote wawili kila mara. Badala yake, kwa kila wagonjwa 100 wenye pacha wa kufanana, mapacha kama 60 hawana ugonjwa huo.

Vipi mtoto mwenye mzazi mmoja mgonjwa? Uwezekano wake ni kati ya 5 na 10 kwa 100. Ni mkubwa kuliko wa jamii kwa jumla, lakini geuza namba hiyo: kati ya watoto 100 wa aina hiyo, 90 hadi 95 hawatapata bipola.

Bipola haifuati kanuni za Mendel za jeni moja, kama ilivyo selimundu. Ni ugonjwa wa jeni nyingi: mamia ya tofauti ndogondogo za DNA, kila moja ikiongeza au kupunguza uwezekano kidogo tu, zikichanganyika na mazingira kama vile kukosa usingizi, msongo mkubwa wa mawazo, mateso ya utotoni na matumizi ya dawa za kulevya.

3. Jeni za kinga zilizo kwenye kromosomu ya 6

Kumbuka kazi kuu ya kinga ya mwili: kutambua kilicho chako na kisicho chako. Seli zako karibu zote hubeba juu ya utando wake protini ziitwazo HLA. Protini hizi hushika vipande vidogo vya protini kutoka ndani ya seli na kuvionyesha nje, kama mfanyakazi anayeonyesha kitambulisho getini. Seli nyeupe za aina ya T hupita zikikagua. Kipande kikiwa cha kirusi, seli hiyo hushambuliwa.

Protini ya kwanza ya kundi la HLA ilielezwa mwaka 1958 na daktari Mfaransa Jean Dausset, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1980 kwa kazi hiyo. Ndiyo sababu kabla ya kumpandikiza mtu figo, madaktari hulinganisha HLA za mtoaji na mpokeaji. Zikitofautiana sana, kinga ya mpokeaji huiona figo ile kuwa mgeni na kuishambulia.

Jeni zinazotengeneza HLA ziko kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 6, katika eneo liitwalo MHC. Zingatia sifa tatu za eneo hili:

(i) Lina msongamano mkubwa. Zaidi ya jeni 200 zimebanana humo, na nyingi zinahusika na kinga.

(ii) Lina aina nyingi sana za aleli. Hii ni faida kwa binadamu: kirusi kikijifunza kukwepa HLA za mtu mmoja, hakitaweza kukwepa za kila mtu kijijini.

(iii) Jeni zake husafiri kwa makundi. Unaporithi kromosomu kutoka kwa mzazi, vipande vilivyo jirani mara nyingi hurithiwa pamoja bila kutenganishwa. Sifa hii ya tatu ndiyo itakayotusumbua huko mbele.

Mfano ulio wazi wa HLA na ugonjwa ni aleli ya HLA-B27 na ugonjwa wa kukakamaa kwa uti wa mgongo. Uhusiano huo uligunduliwa mwaka 1973, nao ni miongoni mwa ulio na nguvu zaidi katika tiba. Hata hivyo, watu wengi wenye HLA-B27 hawaugui ugonjwa huo kamwe. Kama hali ni hiyo kwa aleli yenye nguvu hivyo, utaona kwa nini ni lazima tuwe waangalifu zaidi tunapofika kwenye bipola, ambako nguvu ya kila tofauti ni ndogo mno.

4. Wanasayansi huzitafutaje jeni za hatari?

Njia inayotumika zaidi ni kulinganisha makundi mawili makubwa: watu wenye ugonjwa na watu wasio nao. Kwa kila mtu hupimwa mamilioni ya sehemu za DNA ambazo herufi yake hutofautiana kati ya binadamu. Kisha huulizwa swali moja kwa kila sehemu: je, herufi hii inapatikana zaidi kwa wagonjwa?

Hapa ipo hatari ya kudanganyika. Ukipima sehemu milioni moja kwa kipimo cha kawaida cha asilimia 5, sehemu 50,000 zitaonekana kuwa na uhusiano kwa bahati tu. Kwa hiyo watafiti hukaza kipimo:

0.05 ÷ 1,000,000 = 0.00000005

Ni sehemu tu inayovuka kizingiti hicho ndiyo inayokubaliwa. Kwa sababu kizingiti ni kikali na nguvu ya kila jeni ni ndogo, tafiti hizi huhitaji maelfu kwa maelfu ya watu.

Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa kimataifa uliolinganisha watu 41,917 wenye bipola na watu 371,549 wasio nayo. Yalipatikana maeneo 64 ya DNA yanayohusiana na ugonjwa. Mengi yalikuwa karibu na jeni zinazofanya kazi ndani ya ubongo, hasa kwenye sinapsi, mahali ambapo neva moja hupokezana ujumbe na nyingine. Kati ya maeneo hayo 64, moja lilikuwa MHC, lile eneo la kinga kwenye kromosomu ya 6. Mwaka 2025 utafiti mkubwa zaidi, wenye wagonjwa zaidi ya 158,000, uliongeza idadi ya maeneo hadi 298.

Mfano wa kukokotoa

Tuchukue mfano wa kufikirika. Hatari ya ugonjwa katika jamii ni 1 kwa 100. Aleli fulani huongeza hatari hiyo kwa asilimia 10. Je, wenye aleli hiyo wana hatari kiasi gani?

Hatua ya 1: 1 kwa 100 ni sawa na 10 kwa 1,000.
Hatua ya 2: asilimia 10 ya 10 ni 1.
Hatua ya 3: 10 + 1 = 11 kwa 1,000.

Maana yake ni kwamba kati ya watu 1,000 wenye aleli hiyo, 989 hawatapata ugonjwa. Kichwa cha habari kinaweza kusema "jeni yaongeza hatari kwa asilimia 10" na msomaji akaogopa. Wewe uliza kila mara: asilimia 10 ya nini?

5. Kisa cha jeni ya C4

Sasa tuone jinsi jeni ya kinga inavyoweza kugusa ubongo. Kisa hiki kilianza na ugonjwa mwingine wa akili, skizofrenia, na ni muhimu ukielewe kwanza ndipo tulinganishe na bipola.

Ndani ya eneo la MHC kuna jeni ya C4. Hutengeneza protini ya mfumo wa komplimenti, ambao ni sehemu ya kinga ya asili. Kazi ya C4 ni kusaidia kuweka alama juu ya kijidudu ili seli za kinga zikimeze. Watu hutofautiana: wapo wenye nakala chache za jeni hii na wapo wenye nakala nyingi, na nakala zenyewe ni za aina mbili, C4A na C4B.

Ubongo nao hutumia alama hizo. Mtoto huzaliwa na kukua akiwa na sinapsi nyingi kuliko anazozihitaji. Kadiri anavyokua, sinapsi zisizotumika huwekwa alama na kumezwa na seli za kinga za ubongo ziitwazo maikroglia. Kazi hii inafanana na mkulima wa kahawa anayepogoa matawi ili mti uzae vizuri. Akipogoa mno, mti hudhoofika.

Mwaka 2016 watafiti waliochunguza DNA ya watu wapatao 65,000 walionyesha kwamba kadiri aina za C4 za mtu zinavyosababisha protini ya C4A kutengenezwa kwa wingi katika ubongo, ndivyo hatari ya skizofrenia inavyopanda. Kwa kutumia panya walionyesha pia kwamba C4 hushiriki katika kupogoa sinapsi. Kwa mara ya kwanza eneo la MHC lilipata maelezo ya kazi, badala ya kuwa alama tu kwenye ramani ya DNA.

Je, ndivyo ilivyo kwa bipola? Skizofrenia na bipola hushiriki sehemu kubwa ya jeni za hatari, kwa hiyo ilikuwa rahisi kudhani kwamba C4 ndiyo mhusika tena. Utafiti wa mwaka 2021 ulilijaribu wazo hilo. C4A ilionekana kuhusiana na bipola, lakini kwa nguvu ndogo sana kuliko kwa skizofrenia. Watafiti walipozingatia tofauti nyingine iliyo jirani, katika jeni ya BTN2A1, uhusiano wa C4A haukufikia tena kizingiti. BTN2A1 nayo ni jeni ya kinga: protini yake husaidia kuamsha kundi fulani la seli za T. Hata hivyo kuwa na alama yenye nguvu zaidi hakutoshi kuthibitisha kwamba BTN2A1 ndiyo yenyewe.

Tatizo ni ile sifa ya tatu ya MHC. Fikiria polisi wameambiwa kwamba mwizi alishuka kutoka kwenye daladala fulani inayotoka Mbagala kwenda Kariakoo. Wanalijua gari, lakini lilikuwa limejaa. Kumkamata abiria wa kwanza aliyeshuka mlangoni hakuthibitishi kwamba ndiye mwizi. Jeni za MHC ni abiria wa daladala moja: zinasafiri pamoja, kwa hiyo alama ikionekana hapo, jeni yoyote ya jirani inaweza kuwa mhusika.

Andika hivi kwenye daftari lako: eneo la jeni za kinga linahusiana na hatari ya bipola, jeni gani hasa ndani ya eneo hilo inahusika, na kwa njia gani, bado inachunguzwa.

6. Ushahidi kutoka kwenye damu na mshale wa sababu

Kuna ushahidi mwingine unaohusisha kinga na bipola. Mwili unapopambana na maambukizi au jeraha hutoa saitokini, yaani protini za kupelekeana taarifa kati ya seli za kinga, na hupata mchochota: joto, wekundu, kuvimba na maumivu. Vipimo vya mchochota katika damu, kama protini ya CRP, huwa juu kidogo kwa wastani miongoni mwa wagonjwa wa bipola, hasa wanapokuwa katika mania.

Utafiti mmoja nchini Denmark ulifuatilia kumbukumbu za afya za watu milioni 3.56 waliozaliwa kati ya mwaka 1945 na 1996. Waliowahi kufika hospitali kwa ugonjwa wa kinga kujishambulia walikuwa na hatari ya kupata ugonjwa wa hali ya moyo, kundi linalojumuisha sonona na bipola, iliyozidi ya wengine kwa asilimia 45. Waliowahi kulazwa kwa maambukizi walizidi kwa asilimia 62.

Je, tumethibitisha kwamba mchochota husababisha bipola? Hapana. Chora mshale na ujaribu kuugeuza:

(a) Mchochota → ugonjwa. Inawezekana saitokini zinaathiri ubongo.

(b) Ugonjwa → mchochota. Mtu aliye katika mania halali, anaweza kuvuta sigara sana na kula ovyo. Mambo hayo yenyewe hupandisha mchochota.

(c) Kitu cha tatu → vyote viwili. Umaskini, mateso ya utotoni au jeni zilezile zinaweza kuongeza mchochota na pia hatari ya bipola.

Hapa ndipo jeni zinapokuwa na thamani ya pekee kwa mtafiti. Aleli ulizonazo zilipangwa mimba ilipotungwa, miaka mingi kabla ya dalili yoyote. Ugonjwa hauwezi kurudi nyuma kuzibadilisha. Kwa hiyo ushahidi wa jeni huondoa uwezekano wa (b), jambo ambalo kipimo cha damu cha leo hakiwezi kufanya. Lakini hauondoi tatizo la daladala, na hauelezi peke yake njia ambayo jeni hufuata hadi kwenye dalili.

7. Je, dawa za kinga hutibu bipola?

Swali hili huja mara moja baada ya sehemu iliyopita, na jibu linaonyesha kwa nini uhusiano hautoshi. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio la dawa ya infliximab, inayozuia saitokini iitwayo TNF, kwa watu wazima 60 wenye sonona ya bipola. Kwa jumla dawa hiyo haikuizidi dawa bandia. Mwaka 2020 jaribio jingine, lililofanyika Pakistan kwa wagonjwa 266, lilipima minosaiklini na selekoksibu, dawa mbili zenye uwezo wa kupunguza mchochota. Nazo hazikuizidi dawa bandia.

Hii haina maana kwamba kinga haihusiki kabisa. Huenda inahusika kwa baadhi ya wagonjwa tu, au mapema zaidi ubongo unapokua. Ina maana kwamba leo hakuna dawa ya kinga iliyothibitishwa kuwa tiba ya bipola.

Dawa zilizothibitishwa zipo. Lithiamu iliingia katika tiba ya mania mwaka 1949 kupitia kazi ya daktari John Cade wa Australia, na hadi sasa ni miongoni mwa dawa bora za kuzuia vipindi visirudi. Hutolewa kwa usimamizi wa daktari, maana kiwango chake katika damu lazima kipimwe. Ziko pia dawa nyingine, pamoja na ushauri wa kisaikolojia na utaratibu mzuri wa usingizi. Hapa Tanzania huduma hupatikana katika hospitali kama Muhimbili, Dar es Salaam, na Mirembe, Dodoma. Mtu anaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu.

8. Kwa nini Afrika inahitajika katika tafiti hizi?

Washiriki wa utafiti wa mwaka 2021 walikuwa wenye asili ya Ulaya. Hilo ni pungufu la kisayansi. Aleli zinazopatikana kwa wingi Ulaya zinaweza kuwa adimu hapa, na kinyume chake.

Lakini Afrika ina faida nyingine. Binadamu wameishi Afrika muda mrefu kuliko bara jingine lolote, kwa hiyo DNA imechanganywa na kukatwa kwa vizazi vingi zaidi, na vipande vinavyorithiwa pamoja ni vifupi. Rudi kwenye mfano wetu: hapa daladala ni ndogo na abiria ni wachache, hivyo ni rahisi zaidi kumtambua mhusika. Mradi wa NeuroGAP-Psychosis ulianzishwa kwa sababu kama hizo. Ulipanga kuandikisha zaidi ya watu 34,000 katika nchi za Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini, wenye skizofrenia au bipola na wasio na magonjwa hayo, ukishirikisha vyuo kama Makerere na Moi.

Makosa ya kuepuka katika mtihani

1. Kuandika "jeni ya bipola". Hakuna jeni moja ya bipola. Andika "tofauti za kijeni zinazoongeza hatari".

2. Kuandika "mgonjwa alirithi bipola kwa mama yake". Andika "alirithi uwezekano mkubwa zaidi".

3. Kufasiri vibaya kiwango cha urithi. Ukisoma kwamba urithi wa bipola ni asilimia 60 hadi 85, namba hiyo inahusu tofauti kati ya watu katika jamii. Haisemi kwamba mtoto wa mgonjwa ana nafasi ya asilimia 60 hadi 85 ya kuugua.

4. Kudhani kwamba jeni ya kinga hufanya kazi ya kinga tu. C4 huweka alama kwenye vijidudu na pia kwenye sinapsi.

5. Kuruka kutoka "inahusiana na" hadi "inasababisha". Kosa hili hupoteza alama.

Neno kwa msomaji

Kama wewe au ndugu yako mna dalili zilizotajwa katika sehemu ya 1, usisubiri zipite na usikubali zifichwe kwa aibu. Mwambie mzazi, mwalimu wa unasihi au mhudumu wa afya. Kukiwa na mawazo ya kujidhuru, mwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyohiyo. Ugonjwa huu si laana ya ukoo wala matokeo ya malezi mabaya, na mtu akianza tiba mapema huwa na nafasi nzuri ya kuendelea na masomo na maisha yake.

Muhtasari

- Bipola ni ugonjwa wa jeni nyingi na mazingira kwa pamoja.
- Pacha wa kufanana wa mgonjwa ana uwezekano wa kama 40 kwa 100. Jamii kwa jumla ni kama 1 kwa 100.
- Eneo la MHC kwenye kromosomu ya 6 lina jeni nyingi za kinga na ni mojawapo ya maeneo yanayohusiana na bipola.
- C4A inahusiana wazi na skizofrenia. Kwa bipola ushahidi wake ni dhaifu.
- Jeni zilizo jirani hurithiwa pamoja, hivyo ni vigumu kumtambua mhusika halisi.
- Ushahidi wa jeni huondoa uwezekano kwamba ugonjwa ndio uliotangulia, lakini hauelezi njia yote.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya kurithi ugonjwa na kurithi uwezekano wa ugonjwa. (Alama 3)

2. Kwa kutumia matokeo ya mapacha, toa hoja moja inayoonyesha mchango wa jeni na moja inayoonyesha mchango wa mazingira. (Alama 4)

3. Taja kazi mbili za protini ya C4. (Alama 2)

4. Katika mji wa kufikirika, hatari ya ugonjwa fulani ni 20 kwa 1,000. Kwa kundi moja hatari hiyo imeongezeka kwa asilimia 45. (a) Kokotoa hatari ya kundi hilo. (b) Kati ya watu 1,000 wa kundi hilo, wangapi hawatapata ugonjwa? (Alama 4)

5. Mwanafunzi ameandika: "CRP iko juu kwa wagonjwa wa bipola, kwa hiyo CRP husababisha bipola." Toa hoja mbili za kumkosoa. (Alama 4)

6. Eleza kwa nini DNA ya Waafrika inaweza kusaidia kutambua jeni inayohusika ndani ya eneo la MHC. (Alama 3)

Majibu

1. Kurithi ugonjwa kama selimundu ni kupokea aleli za jeni moja zinazotosha kuleta ugonjwa. Kurithi uwezekano ni kupokea tofauti nyingi ndogo zinazoongeza hatari, huku wengi wenye tofauti hizo wakibaki bila ugonjwa.

2. Jeni: mapacha wa kufanana hufanana kwa ugonjwa (kama 40 kwa 100) kuliko wasiofanana (5 hadi 10 kwa 100). Mazingira: mapacha wa kufanana wana karibu DNA ileile, lakini kama 60 kati ya 100 hutofautiana, mmoja akiugua na mwenzake asiugue.

3. Kusaidia kuweka alama kwenye vijidudu ili vimezwe. Kushiriki katika kuweka alama kwenye sinapsi ili zipogolewe.

4. (a) Asilimia 45 ya 20 ni 9. 20 + 9 = 29 kwa 1,000. (b) 1,000 − 29 = watu 971.

5. Ugonjwa wenyewe, kupitia kukosa usingizi au uvutaji sigara, unaweza kupandisha CRP. Pia kitu cha tatu, kama mateso ya utotoni, kinaweza kuongeza vyote viwili.

6. Vipande vya DNA vinavyorithiwa pamoja ni vifupi zaidi kwa Waafrika, kwa hiyo kila kipande hubeba jeni chache, na ni rahisi zaidi kutenganisha jeni inayohusika na jirani zake.